Haya, Siri na Maradhi ya Tezi Dume

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba na dawa zake. Na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Yako maradhi yawapatayo wanaume ambayo kila mji wayajua, wala hapana barazani ayatajaye. Mtu huyaficha kwa mkewe, akayaficha kwa nduguye, akayaficha kwa tabibu, hatta yakajidhihirisha yenyewe siku ambayo dawa imekwisha punguka nguvu. Hayo ni maradhi ya tezi dume. Somo hili ni katika kubainisha mambo matatu: maradhi yenyewe, haya iliyo ya haki na isiyo ya haki, na hukumu za sharia zimhusuzo aliyepatwa.

1. MARADHI YENYEWE

Fahamu, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa tezi dume ni kinofu kidogo kilicho chini ya kibofu, nacho kimeizunguka njia ya haja ndogo. Kazi yake ni kutoa maji yachanganyikayo na manii. Mtu akisha kupita miaka 50, aghalabu tezi hiyo hukua ikaibana njia: akawa huamka usiku mara kwa mara, na mkojo ukatoka kwa unyonge, akasimama sana asimalize. Kukua huko peke yake si saratani, na matibabu yake yako.

Lakini katika tezi hiyo hiyo huweza kuzuka saratani, na hii mwanzo wake aghalabu haina dalili. Ikiachwa hutoka mahali pake ikaenea mifupani, khasa mgongo na nyonga. Ndipo mtu alalamikapo kiuno, akadhani ni baridi au kazi ya shamba. Mwaka 2022 peke yake, wanaume wapatao milioni 1.47 ulimwenguni walionekana kuwa nayo, na kadiri ya 397,000 wakafa kwayo. Katika Tanzania ndiyo saratani iwapatayo wanaume kuliko saratani nyingine zote. Walio karibu nayo zaidi ni wenye umri mkubwa, na ambao baba zao au ndugu zao walipata kuwa nayo, na watu weusi wa asili ya Afrika.

Matabibu huitafuta kwa kipimo cha damu kiitwacho PSA, na kwa kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya nyuma. Namba ya damu ikizidi, si hukumu ya saratani. Kwani tezi iliyokua, au iliyo na uvimbe wa maradhi mengine, nayo huizidisha. Hakika hujulikana kwa kukata vipande vidogo vya tezi vikatazamwa kwa hadubini. Ikipatikana mapema, ingali ndani ya tezi, wengi hupona kwa kupasuliwa au kwa mionzi. Na iliyo dhaifu huweza kungojwa na kuangaliwa tu. Ikisha kuenea, hutibiwa kwa kuzuia nguvu ya kiume mwilini, ama kwa sindano ama kwa kuondoa pumbu. Na matibabu hayo humpunguzia mtu maumivu na kumrefushia muda, lakini si ya kuing'oa.

2. MTU WA MASAKTA

Chukua mathali ya mtu akaaye Masakta, katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Huko ni bara, nchi ya Wairaqw na Wadatoga, nchi ya mashamba na ng'ombe. Mtu huyo ameanza kuona taabu katika haja ndogo. Wazee wenziwe wamwambia ndiyo desturi ya uzee. Akitaka spitali kubwa, iko Haydom, katika nchi ya Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955. Akipelekwa mbele, iko KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Na kwa mionzi, iko Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyofanywa kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996. Safari hizo zataka nauli, na mtu wa kumwangalia, na wa kuchunga mali yake nyuma. Lakini hayo yote hayawi ila kwanza aseme. Na kusema ndiko kuliko mshinda.

Basi tazama: huenda katika mji ule ule yuko mtu aliyekwisha kupita njia hiyo. Yeye ajua mlango upi huingiwa, na kipimo kipi huuma na kipi hakiumi, na siku ngapi mtu hukaa na mpira wa mkojo, na nini humpata baada ya kupasuliwa. Elimu hiyo ameinunua kwa fedha na maumivu, naye ameifungia kifuani kwa kuona aibu. Na jirani yake yuafa kwa kuikosa. Wala mtu wa pwani asimcheke mtu wa Masakta. Mtu wa Tanga au wa Lamu akaaye karibu na spitali, naye haendi kwa haya, umbali wake ni mkubwa zaidi.

3. HAYA ILIYO YA HAKI NA ISIYO YA HAKI

Huenda mtu akasema: Haya ni katika imani, basi yawaje mtu kutaja mambo ya tupu yake?

Jawabu: Ni kweli haya ni tawi katika matawi ya imani, kama ilivyothubutu katika hadithi sahihi. Lakini Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim amebainisha ya kuwa jambo limzuialo mtu kutenda haki si haya ya kweli, bali ni ajizi na unyonge, nalo limeitwa haya kwa kufanana tu. Na kuutunza mwili ni haki; Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawakhubiria ya kuwa kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee.

Na dalili iliyo karibu zaidi na mlango huu ni khabari ya Sayyidna Ali (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Yeye alikuwa akitokwa sana na madhii, akatahayari kumwuliza Mtume (s.a.w.), kwa kuwa Bibi Fatima ni mkewe. Hakunyamaza akaacha hukumu ya dini impotee. Alimwambia Mikdadi bin Aswad, naye akamwulizia, jawabu ikapatikana. Zingatia hapa mambo mawili. La kwanza, haya yake ilibaki mahali pake, asimwambie mkwewe kwa ulimi wake. La pili, alimfungulia mwenziwe wa kiume jambo la mwili wake, na mwenziwe akambebea. Hii ndiyo njia ya katikati: mtu hatangazi sokoni, wala hajizikii siri ikamwua.

Wala kutaja maumivu si kukosa subira. Imepokewa katika Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimtajia Bibi Aisha maumivu ya kichwa chake. Kinachokatazwa ni kuikasirikia kadari, si kuieleza hali.

Na katika zama hizi uko mfano wa mtu wa pwani na Mwislamu. Mwezi wa Novemba 2014, Rais Jakaya Mrisho Kikwete, aliyekuwa akitawala Tanzania na asili yake ni Bagamoyo, alipasuliwa tezi dume katika spitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Angaliweza kusema ni uchovu wa kazi. Lakini aliwaambia watu waziwazi ya kuwa ni saratani ya tezi dume, na ya kuwa ilijulikana mapema, akawahimiza wanaume wakapimwe. Heshima yake haikupunguka kwa neno hilo. Na katika Tanzania hiyo hiyo ulisimama wito uitwao Tanzania 50 Plus, ulioanzishwa na mtu aliyeugua maradhi haya mwenyewe, kuwaita wanaume waliopita miaka 50 wajiangalie.

4. HUKUMU ZIMHUSUZO MGONJWA

Suala: Je, yajuzu kumfunulia tabibu utupu?
Jawabu: Yajuzu kwa haja ya matibabu, kwa kadiri ya haja tu, na tabibu mwanamume atangulizwe akipatikana.

Suala: Kipimo cha kidole chavunja saumu?
Jawabu: Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kuingiza kitu katika njia ya nyuma kwa kusudi hufunguza, na kitokapo huvunja udhu. Basi na kifanywe usiku, au nje ya Ramadhani. Na ikiwa lazima mchana, atalipa siku hiyo. Ama kutolewa damu ya kipimo, hakufunguzi wala hakuvunji udhu.

Suala: Aliyepasuliwa akawa hawezi kuzuia mkojo, ataachaje sala?
Jawabu: Haiachi. Huyu ndiye wanachuoni wamwitaye mwenye hadathi ya kudumu. Ukisha kuingia wakati, atajisafisha, afunge kitambaa kizuiacho, atawadhe kwa nia ya kuhalalisha sala, kisha aharakishe kusali. Na kila faradhi ina udhu wake, na sunna asali atakazo. Kitokacho baada ya hapo kimesamehewa. Wako watu walioacha msikiti kwa jambo hili tu, wakidhani sala zao hazisihi, na hapana aliyewaambia.

Suala: Kuondoa pumbu si kuhasiwa, na kuhasiwa ni haramu?
Jawabu: Kuhasiwa kwa kukimbia matamanio ni haramu, na Mtume (s.a.w.) alimkataza Uthman bin Madh'un. Lakini kiungo kikatwacho kwa dharura ya kuokoa uhai, kwa neno la tabibu mwaminifu, hukumu yake ni ya dawa.

Suala: Nguvu ya kiume ikiondoka, ndoa yavunjika?
Jawabu: Haivunjiki. Na katika madhehebu ya Shafi'i, mke aliyekwisha kuingiliwa na mumewe katika ndoa hiyo hana khiari ya kuifasikhi kwa udhaifu uliozuka baadaye. Lakini juu ya mume ni kumweleza hali yake kwa wema. Kwani mke asiyeambiwa hudhani amechukiwa, au yuko mwingine, na nyumba huvunjika kwa dhana kabla ya kuvunjika kwa maradhi.

5. ADABU ZA WENYE KUAMBIZANA

Kusaidiana katika wema na taqwa ni amri ya Mwenyezi Mungu katika Sura ya Maida. Basi waliopatwa na maradhi haya, wakiwa watatu au wanne katika mji, na wakutane, ijapokuwa baada ya sala ya Isha, na washike adabu hizi.

Kwanza, majlisi ni amana: yaliyosemwa humo hayatoki, na ayatoaye amefanya khiyana. Pili, aliyetangulia aeleze aliyoyaona kwa kweli, asitishe wala asipambe. Na dawa aliyopewa yeye asimwamuru mwingine, kwani maradhi ya watu hayalingani. Tatu, asimzuie mtu spitali kwa kumwelekeza kwenye makombe na mizizi peke yake. Dua na tiba hazigombani. Nne, aendaye kupimwa apate wa kufuatana naye, na aliyelala kitandani atembelewe, kwani kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu. Tano, aliyefiwa na baba au ndugu kwa maradhi haya aambiwe kweli ya kifo hicho, apate kujihadhari yeye na wanawe.

Sayyidna Omar (r.a.) alipoepuka tauni ya Sham na akaulizwa kama yuakimbia kadari ya Mungu, jawabu yake ilikuwa ya kwamba yuaikimbia kadari kwenda kwenye kadari. Na aendaye kwa tabibu hali kadhalika. Ajali iko mkononi mwa Mola. Lakini mtu ataulizwa juu ya mwili wake aliupelekea nini, na juu ya elimu yake alimnyima nani.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.