Dondoo muhimu: Paka watundu wa Mji wa Kale

Paka wa Mji wa Kale hana mwenyewe: asubuhi yuko soko la samaki, adhuhuri amelala kibarazani kwako, usiku anagombana juu ya mabati. Ukitaka kukaa naye kwa amani:

1. Samaki usimwache kwenye karai ukaenda kutafuta kisu. Funika, kisha weka kinu juu. Paka anayelala kwangu alisukuma kifuniko kwa kichwa, akaondoka na changu mzima.

2. Mlishe kabla hujaanza kupara samaki, si baada.

3. Miiba na mifupa iliyopikwa usimpe, humkwama kooni.

4. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimpake kamwe. Shambani tulikolelewa mbuzi walikogeshwa nayo wakarudi malishoni. Paka tuliyempaka kwa huruma alitetemeka hadi alfajiri. Paka hujilamba, kwa hiyo unachompaka atakimeza.

5. Panadol ni sumu kwake, hata kipande.

6. Maziwa? Paka wa zizini kule shambani walisubiri povu la mkamo wa asubuhi, lakini wakubwa wengi huharisha. Maji safi yanatosha.

7. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi 3. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

8. Mhasi mapema: mimba ni siku 63 hivi, na watoto watazaliwa ndani ya kabati lako la kanga.