Jumanne: Dema na Joho la Paulo

Soma 2 Timotheo 4:9–21. Paulo anasema nini kuhusu Dema, naye anaomba aletewe vitu gani?

Dema anatajwa mara tatu tu katika Agano Jipya. Katika Filemoni 24 ni mtenda kazi pamoja na Paulo. Katika Wakolosai 4:14 anatuma salamu pamoja na Luka. Mara ya tatu ameshaondoka, na Luka peke yake ndiye aliyebaki na mfungwa.

Zingatia jambo ambalo Paulo halisemi. Hasemi kwamba Dema alimkana Kristo, wala kwamba mateso yalimshinda. Anataja tu alichokipenda na alikokwenda. Thesalonike ulikuwa mji mkuu wa Makedonia, mji wa bandari na biashara, tena wenye kanisa alilolianzisha Paulo mwenyewe (Matendo 17:1–4). Yawezekana Dema aliendelea kuhudhuria ibada huko, Biblia haisemi.

Kisha inakuja habari ya joho. Mtume anayejua kwamba kifo chake ki karibu anahitaji joho aliloliacha Troa, na Timotheo afanye bidii kufika kabla ya majira ya baridi. Gharama ya uanafunzi ilikuwa pia hiyo: kusikia baridi, na kumkosa rafiki.

Mkristo mwenye mshahara mzuri na nyumba yenye umeme na maji hatishiwi gereza. Yanayomvuta mara nyingi si maovu. Ni mkopo wa gari unaomeza zaka kabla haijatengwa. Ni zamu ya Jumamosi yenye malipo ya ziada, “mara hii moja tu.” Ni Sabato alasiri aliyoahidi kumtembelea mgonjwa, lakini chakula kimeshiba, kochi ni laini, na simu iko mkononi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomtaka aikane imani. Linamtaka tu awe mahali pengine.

Soma 2 Timotheo 1:16–18. Onesiforo naye alikuwa na nyumba na jamaa, lakini alipofika Rumi alimtafuta Paulo kwa bidii mpaka akampata, bila kuionea haya minyororo yake.

Ni nani katika kanisa lako anayesubiri “joho” lake? Kumfikia wiki hii kutakugharimu nini hasa: fedha, usingizi, au heshima yako mbele ya watu?