Diwani au mbunge wako akihama chama: mambo ya kujua mpiga kura wa Majengo

Tarehe 13 Januari 2018 wapiga kura wa Majengo, pamoja na wenzao wa kata nyingine za Songea Mjini, walipanga foleni kumchagua mbunge wakati uchaguzi mkuu ulikuwa na miaka miwili na ushee tu tangu upite. Kilichowarudisha vituoni ni msiba. Leonidas Gama alikuwa amefariki Novemba 2017, na kiti chake kikaenda kwa Damas Ndumbaro, wa CCM kama yeye. Siku hiyohiyo Longido nao walipiga kura, kwa sababu mahakama ilikuwa imetengua ubunge wa Onesmo Nangole wa Chadema. Na Singida Kaskazini walipiga kura kwa sababu Lazaro Nyalandu alikuwa ameachana na CCM akaenda Chadema.

Hilo la Singida ndilo linalozua ubishi vijiweni: mtu akihama chama, arudi kwa wananchi au aendelee na kiti chake? Kwa Tanzania jibu lipo tayari kwenye Katiba. Ibara ya 71(1)(e) inasema mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwemo alipochaguliwa, ubunge wake umekoma. Haijalishi ameondoka mwenyewe au chama kimemfukuza. Diwani naye hana namna ya kuhama na kiti.

Kiti kikiwa wazi, taarifa lazima iifikie Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Ya mbunge hupelekwa na Spika, ya diwani hupelekwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Hapo ndipo Tume hutangaza ratiba ya uchaguzi mdogo. Katika kipindi hicho usikae ukidhani kata imefungwa: mtendaji wa kata yupo, mwenyekiti wa mtaa yupo, na barua yako ya utambulisho utaipata kama kawaida. Kinachokosekana ni sauti ya kata kwenye baraza la madiwani la Manispaa, na kama bajeti inapangwa wakati huo, hasara hiyo si ndogo.

Lakini si kila anayehama huleta uchaguzi. Ikiwa imebaki miezi 12 au pungufu kabla ya Bunge kuvunjwa, kiti huachwa wazi. Zitto Kabwe alipoaga Bunge Machi 2015, baada ya mgogoro na Chadema, Kigoma Kaskazini walikaa bila mbunge hadi uchaguzi wa Oktoba. Viti maalumu navyo havina uchaguzi mdogo, hujazwa kutoka orodha ya chama. Pia mahakama inaweza kusimamisha mambo: David Kafulila alivuliwa uanachama na NCCR-Mageuzi Desemba 2011, akaenda mahakamani, akaendelea kuwa mbunge.

Halafu kuna Spika, na hapa ndipo sheria moja imekuwa na sura mbili. Julai 2017 CUF, upande wa Profesa Lipumba, ilipowafukuza wabunge wanane wa viti maalumu, Spika Job Ndugai alitangaza nafasi zao wazi bila kuchelewa. Novemba 2020 Chadema iliwafukuza Halima Mdee na wenzake 18. Baraza Kuu la chama likatupa rufaa zao Mei 2022, wao wakafungua kesi Mahakama Kuu, na viti wakaendelea kuvikalia. Wanasheria wana maelezo yao juu ya tofauti hiyo. Mwananchi wa kawaida anaona saa mbili zisizolingana ukutani.

Wimbi kubwa lilikuja kuanzia mwisho wa 2017. Maulid Mtulia wa CUF, Kinondoni, na Godwin Mollel wa Chadema, Siha, walihamia CCM Desemba. Februari 17, 2018 wote wawili walikuwa wameshinda tena majimbo yaleyale, safari hii wakiwa wamevaa kijani. Mwita Waitara wa Ukonga alihama mwishoni mwa Julai 2018 na Septemba 16 akarudishwa. Neno lao lilikuwa moja, wanaunga mkono juhudi za Rais. Wapinzani wao walisema wamenunuliwa. Sheria haiulizi sababu.

Uchaguzi huo ni wa lazima, lakini kwa mhamaji haukuwa adhabu. Kwa maoni yangu ubaki. Uingereza mbunge akihama hubaki na kiti chake, na Douglas Carswell alipojiuzulu mwaka 2014 ili arudi kwa wapiga kura wa Clacton, alifanya hivyo kwa hiari. Sidhani kwetu tungewaachia watu hiari hiyo. Kinachofaa kuongezwa ni kwamba aliyesababisha uchaguzi mdogo kwa kuhama asigombee katika uchaguzi huohuo. Gharama ni ya walipa kodi, na haileti maana kulipia sherehe ya mtu kubadili fulana.

Dawa ya kumlazimisha mhamaji kurudi kwa wananchi nayo ina madhara yake. Kenya mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuanzisha KPU, Katiba ilibadilishwa upesi ili warudi kwa wananchi. Kati ya viti 29, KPU ilirudi na 9. Kanuni ikitungwa kumlenga aliyegombana na wakubwa, huwa rungu. Kwetu shida ni kubwa zaidi kwa sababu mgombea binafsi haruhusiwi, ingawa Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilishaamua Juni 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki. Anayegombana na chama chake hana pa kusimama ila ndani ya chama kingine.

Uchaguzi mdogo ukitangazwa Majengo, anayepiga kura ni aliyeandikishwa kwenye kata, si kila anayelala hapa. Kagua jina lako kwenye orodha inayobandikwa kituoni mapema, si asubuhi ya kura. Mgombea akiwa mmoja bado nenda: sheria ya uchaguzi ya 2024 inataka apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Baada ya kuhesabu, matokeo ya kituo hubandikwa nje, yasome mwenyewe.

Ukitaka kupinga matokeo mahakamani, muda ni siku 30 tangu yatangazwe, na usiende na manung'uniko ya jumla. Katika kesi ya Godbless Lema wa Arusha Mjini, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2012 kwamba mpiga kura lazima aonyeshe haki yake mwenyewe iliyovunjwa. Kwa hiyo jina likikosekana au ukizuiwa kupiga kura, andika palepale kituo gani, saa ngapi, na msimamizi alikujibu nini.