Kabla Hujafuta, Liulize Faili Lenyewe

Haya wadogo zangu, leo zamu ni ya watu wa michoro. Wa mapenzi na mawifi mnivumilie, wiki ijayo nipo nanyi.

Mdogo wangu mmoja wa ofisi ya wasanifu majengo ameniandikia hivi: “Dada, tumepokea faili la Revit kutoka ofisi nyingine. Bosi anasema kuna programu-jalizi ya zamani iliyoacha data zake humo, anataka nizitafute nizisafishe. Nimebofya kuta na milango mpaka mkono unauma, sioni kitu. Nikaandika msimbo, ukaniletea orodha ndefu ya skima, mpaka nyingine nina hakika hazihusiani kabisa na mradi huu. Nifanyeje?”

Hongera mdogo wangu kwa kuitilia shaka orodha hiyo. Mwenzako angeshaipeleka kwa bosi kama ilivyo.

Macho yako hayana tatizo. Tangu Revit 2012, mwenye programu-jalizi anaweza kuhifadhi data zake ndani ya elementi yenyewe, iwe ukuta, mlango au taarifa za mradi. Data hizo hazitokei kwenye dirisha la sifa, hata ubofye mpaka kesho.

Sasa shika hili, ndipo penye fundo. Skima ni fomu tupu: inaeleza kuna nafasi gani za kujaza, na kila nafasi inapokea maandishi, namba au kitu kingine. Ina jina lake, na ina GUID ya kuitofautisha na skima nyingine zote. Fomu ikishajazwa na kubandikwa kwenye elementi, hapo inaitwa entiti.

Wewe, nakuhisi, uliita Schema.ListSchemas. Amri hiyo hailiulizi faili lako. Inasoma kumbukumbu ya Revit nzima iliyo wazi wakati huo, pamoja na skima zilizoingia na mafaili mengine uliyofungua tangu asubuhi na zile zilizoletwa na programu-jalizi zako. Skima ikishapakiwa, haitoki mpaka ufunge Revit. Kwa hiyo uliletewa fomu zote zilizo mezani, wala hukuambiwa ni zipi zimejazwa kwenye mradi huu.

Zifuate zilizojazwa. Kusanya elementi kwa FilteredElementCollector, na uifanye mara mbili: mara ya kwanza elementi za kawaida, mara ya pili aina zake, maana data inaweza kukaa kwenye aina ya mlango na isiwepo kwenye mlango wowote. Usiishie kwenye vitu vyenye umbo. Zipo elementi ziitwazo DataStorage, hazichoreki popote, kazi yao ni kutunza data tu, na programu-jalizi nyingi huzipenda.

Kwa kila elementi ita GetEntitySchemaGuids. Ikirudi tupu, songa mbele. Ikirudi na GUID, iandike pamoja na Id ya elementi hiyo. Ukimaliza, chukua kila GUID uipeleke kwenye Schema.Lookup, nayo itakupa jina la skima, VendorId ya aliyeitengeneza na orodha ya nafasi zake. Hapo una jedwali la kweli: skima gani, ya nani, imekaa wapi, mara ngapi. Kama GUID unaijua tangu mwanzo, usizunguke. Mpe mkusanyaji ExtensibleStorageFilter yenye GUID hiyo, akuletee elementi husika peke yake.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, sakinisha RevitLookup. Ni ya bure, na itakuonyesha kwa macho kilichomo ndani ya elementi moja.

Usishtuke ukiiona skima ukashindwa kusoma yaliyomo. Mtengenezaji ana haki ya kufunga usomaji ubaki kwa kampuni yake au programu yake tu. Iulize skima ReadAccessGranted. Ikikujibu hapana, andika kwenye ripoti kwamba ipo na imefungwa, halafu umtafute mwenye nayo.

Nyie mnaotafuta skima kwenye mafaili ya IFC, kazi yenu ni nyepesi. Lifungueni faili kwa Notepad. Mstari wa kwanza utasoma ISO-10303-21, na chini kidogo, kwenye kichwa cha faili, mtakuta FILE_SCHEMA ikitaja IFC2X3, IFC4 au nyingine. Mafaili yakiwa mengi, maktaba ya Python iitwayo IfcOpenShell itawasomea jina hilo moja baada ya jingine. Wa DXF, tafuteni $ACADVER: AC1015 ni muundo wa AutoCAD 2000, AC1032 ni wa 2018. Data za ziada za programu nyingine hutanguliwa na msimbo 1001 wenye jina la programu, na majina hayo yameorodheshwa kwenye jedwali la APPID. Anzieni hapo, ndipo mshuke kwenye mistari na miduara; maktaba nyingine ya Python, ezdxf, itawasaidia.

Sasa turudi kwenye kusafisha, maana ndiko watu wanakolia. Fanya kazi kwenye nakala iliyotengwa na faili kuu. Kusoma hakuhitaji transaksheni. Ukijiona unaifungua, ujue umeshatoka kwenye kutafuta na umeingia kwenye kubadilisha. Na ukifuta skima pamoja na entiti zake, umefuta data kwenye elementi zote kwa mkupuo. Data yenyewe unayoiita takataka inaweza kuwa ndiyo inayoshikilia namba za vyumba au hesabu za vifaa za mhandisi wa mfumo wa hewa, na siku akifungua programu yake ataikuta haina kumbukumbu.

Kwa hiyo mpelekee bosi jedwali kwanza. Kila skima iwe na jina la mwenyewe mbele yake, na mwenyewe aulizwe kwa maandishi. Isiyo na mwenyewe, bosi ndiye aamue na atie sahihi. Wewe kazi yako ni kutafuta na kuonyesha. Usikubali kubeba lawama ya data ambayo hukuiweka wewe.