Akaunti za Ng'ambo: Zinamfaa Nani, Hazimfai Nani?



Tangu muhula uanze nimeulizwa swali moja na wenzetu zaidi ya watatu: "Hizi akaunti za Jersey na Isle of Man, kwani sisi wanafunzi hatuwezi kufungua? Si wanasema huko hakuna kodi?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake baada ya mkutano wa chama, nimeona niandike somo hili. Mimi si wakili wala mshauri wa fedha. Nasoma uhasibu, na jambo hili lilinifika mlangoni mwaka jana, ndiyo maana ikabidi nilisome vizuri.

Mjomba wangu anafanya kazi Muskati, Oman, miaka kumi na mitatu sasa. Ndiye anayenilipia sehemu kubwa ya karo. Siku moja akanipigia simu: "Mwanangu, kuna karatasi nakutumia. Tia sahihi, uandike na anwani yako ya hapo Birmingham. Tutakuwa na akaunti yetu sisi wawili, Jersey." Mtu kazini kwake alimwambia kwamba ukiwa na ndugu aliye Uingereza mambo huwa mepesi. Nikamjibu, "Sawa mjomba, nitatia leo leo." Hebu niambieni, nani kati yenu angemjibu vingine mtu anayemlipia karo?

Karatasi zilipofika, jina langu lilikuwa limeshajazwa kama mwenye akaunti wa pili. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kilichonizuia ni swali moja tu la ile fomu: kwa mambo ya kodi, wewe ni mkazi wa nchi gani? Sikujua jibu lake. Nikaiweka kalamu chini.

Akaunti ya ng'ambo ni nini?

Ni akaunti iliyofunguliwa katika nchi ambayo huishi na wala si kwenu. Mkenya anayefanya kazi Oman akiweka pauni zake Jersey, hiyo ni akaunti ya ng'ambo. Kwa hapa Uingereza, sehemu zinazotajwa sana ni visiwa vitatu: Jersey, Guernsey na Isle of Man. Viko chini ya Mfalme wa Uingereza, lakini si sehemu ya Uingereza. Kila kimoja kina bunge lake, mahakama zake na sheria zake za kodi.

Kufungua akaunti huko si kosa la jinai. Mtu anayehama kazi kutoka Muskati kwenda Doha, kisha Dar es Salaam, anahitaji mahali pamoja pa kuweka pauni au dola zake bila kufunga na kufungua akaunti kila akihama. Benki nyingi za hapa Uingereza zitamdai anwani ya Uingereza, naye hana. Mtu huyo ndiye aliyetengenezewa akaunti hizi. Kwa kawaida pia hutakiwa awe na kiasi kikubwa cha kuanzia: pauni 25,000, 50,000, na kwingine hata 100,000, au mshahara mnono. Kwa hiyo wengi wetu tunaopanga chumba na kufanya kazi za saa ishirini kwa wiki tumeshafungiwa mlango kabla hatujabisha. Lakini tuseme mlango uko wazi. Je, tuingie? Kuna maswali manne ya kujiuliza.

Swali la kwanza: benki ikianguka, nani atanilipa?

Hapa ndipo watu wengi hudanganywa na jina. Benki ya Midland ilianzishwa hapa hapa Birmingham mwaka 1836. HSBC iliinunua mwaka 1992, na tangu 2018 makao makuu ya HSBC UK yako Centenary Square, kama nusu saa kwa miguu kutoka chuoni. Mtu akipita pale akaona lile jengo, halafu akaambiwa akaunti ya Jersey ni ya HSBC vilevile, atadhani ni kitu kimoja. Jina ni moja, ngao ni mbili.

Pesa zako zikiwa katika benki ya Uingereza, mfuko wa fidia uitwao FSCS unazilinda hadi pauni 120,000 kwa kila mtu katika kila benki, tangu tarehe 1 Desemba 2025. Kabla ya hapo ilikuwa 85,000. Pesa zikiwa Jersey, Guernsey au Isle of Man, FSCS haihusiki. Kila kisiwa kina mfuko wake, na kiwango chake ni hadi pauni 50,000.

Si hesabu za darasani tu hizi. Oktoba 2008, benki za Iceland zilipoanguka, watu waliokuwa na akaunti za akiba za Kaupthing Edge hapa Uingereza walihamishiwa benki nyingine, ING Direct. Wale waliokuwa wameweka katika benki dada, Kaupthing Singer & Friedlander ya Isle of Man, hawakuhamishiwa popote. Benki ilifilisiwa na wengi wao wakangoja miaka wakilipwa kidogo kidogo. Guernsey nako Landsbanki ilianguka wakati huohuo, na kisiwa hicho kilikuwa bado hakina mfuko wa fidia. Kilianzisha baada ya maafa, na Jersey ikafuata mwaka 2009.

Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016, na wakati huo bima ya amana nyumbani ilikuwa shilingi 100,000 tu. Leo ni 500,000. Kwa hiyo hata kama unaweka kwenye akaunti ya wanadiaspora ya benki ya nyumbani, swali ni lilelile: kikomo cha ulinzi ni kiasi gani?

Swali la pili: ninakimbia kodi gani?

Sasa tuje kwenye lile swali la fomu. Ukikaa Uingereza siku 183 au zaidi katika mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, wewe ni mkazi wa Uingereza kwa mambo ya kodi. Haijalishi pasipoti yako ni ya Uganda au ya Tanzania. Mkazi hudaiwa kodi ya mapato yake ya dunia nzima, yaani na riba ya Jersey imo.

Lakini hebu tupige hesabu. Mwanafunzi anayefanya kazi za muda anapata, tuseme, pauni 9,000 kwa mwaka. Karibu kila mtu hapa ana pauni 12,570 za mwanzo zisizotozwa kodi. Juu ya hapo, mwenye mshahara mdogo ana nafasi ya hadi pauni 5,000 za riba kwa kiwango cha sifuri, na posho nyingine ya pauni 1,000 ya riba. Sasa ana akiba ya pauni 10,000 ikimpa riba ya asilimia 4. Riba ni pauni 400. Kodi yake ni sifuri, iwe pesa ziko Jersey au ziko kwenye benki ya barabarani hapa Aston.

Manake tunakimbia kodi ambayo hatudaiwi! Na tukikimbia, tunaacha ulinzi wa pauni 120,000 na kwenda kwenye ulinzi wa 50,000.

Kuna mtu atasema: "Lakini sisi wageni tuna msamaha wetu." Ulikuwepo utaratibu wa zamani, kwamba mgeni asiyeingiza pesa zake za nje hapa Uingereza aliweza kutotozwa kodi juu yake. Ulifutwa tarehe 6 Aprili 2025. Mahali pake pamewekwa nafuu ya miaka minne ya mwanzo kwa mtu aliyekuja baada ya kuwa nje ya ukazi wa Uingereza kwa miaka kumi mfululizo. Wengi wetu tunaingia humo. Ila nafuu hii haiji yenyewe, ni lazima uiombe, na ukiiomba kwa mwaka fulani unapoteza zile pauni 12,570. Yule mwanafunzi wa pauni 9,000 akiiomba ili kuokoa kodi ya ile riba ya 400, ambayo ni sifuri, atatozwa asilimia 20 ya mshahara wake. Hiyo ni pauni 1,800. Rahisi kama hiyo ni ghali.

Kwa mjomba hesabu ni tofauti kabisa. Yeye si mkazi wa hapa. Oman kwa sasa haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi. Sheria iliyotolewa mwaka 2025 itaanza kutumika Januari 2028, na itawagusa wenye mapato ya juu ya riali 42,000 kwa mwaka. Akaunti ileile inamfaa mjomba wa Muskati na haimfai mpwa wa Aston. Tofauti ni mahali kila mmoja anapolala.

Swali la tatu: nani anaambiwa?

Wapo wanaodhani kisiwa ni pango la kujifichia. Zamani hizo. Tangu Septemba 2017 visiwa vyote vitatu hupeleka taarifa za wenye akaunti kwa nchi wanakoishi, kila mwaka, bila kuombwa, chini ya mpango wa OECD uitwao CRS. Jina, anwani, salio na riba vyote hufika HMRC, idara ya kodi ya Uingereza. Waliokuwa wameficha walipewa hadi tarehe 30 Septemba 2018 wajirekebishe. Baada ya hapo faini iliweza kufika asilimia 200 ya kodi iliyofichwa.

Na akaunti ikiwa ya watu wawili, chini ya CRS kila mmoja huhesabiwa salio lote. Mjomba alikuwa na pauni elfu sitini za kuweka. HMRC wangepata taarifa kwamba mimi, ninayepanga maboksi ghalani usiku wa Ijumaa, nina pauni elfu sitini Jersey. Ningewaeleza nini?

Mfano mkubwa zaidi uko nyumbani. Februari 2016, kampuni iitwayo Windward Trading ilikiri mbele ya mahakama ya Jersey makosa ya kutakatisha fedha, katika kesi iliyohusu rushwa kwenye shirika la umeme la Kenya. Mahakama ikatwaa zaidi ya pauni milioni 3, na mwaka 2022 Jersey na Kenya zikakubaliana pesa hizo zirudi Kenya kwa mahitaji ya Korona. Kisiwa kilekile kilichopokea ndicho kilichofichua.

Swali la nne: ni jina la nani?

Hili ndilo lililoninyima usingizi. Akaunti ya pamoja, mmoja akifa, kwa kawaida humwendea aliyebaki hai. Mjomba akifa, benki ingenitambua mimi. Mkaza mjomba na binamu zangu wanne kule Mombasa wangebaki wakitegemea huruma yangu. Ndiyo, mimi najiamini. Lakini mirathi haipangwi kwa kujiamini. Na mimi nikitangulia je? Wangu nao wangeweza kudai.

Hata akaunti ikiwa ya mtu mmoja, mara nyingi warithi hutakiwa kupata kibali cha mahakama ya kisiwani kabla benki haijatoa pesa. Hati ya Kadhi wa Mombasa peke yake haitatosha. Kwa hiyo mwenye akaunti amwambie mkewe au mumewe iko wapi, na aache wosia. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nilimpigia mjomba baada ya Isha. "Shikamoo mjomba. Zile karatasi sijatia sahihi." Kimya. Sikuanza na kodi, nilianza na mkaza mjomba na watoto. Akaniuliza, "Kwa hiyo huniamini?" Nikamwambia, "Mjomba, nakuamini. Ni hii karatasi inayosema pesa zako ni zangu." Akakata simu. Wiki mbili hakupiga, na mimi nilikuwa na karo ya kulipa mwezi unaofuata. Sitasema sikuogopa.

Siku ya kumi na sita akapiga. "Zichane hizo karatasi." Amefungua akaunti kwa jina lake mwenyewe na anwani yake ya Muskati. Ameweka chini ya pauni elfu hamsini, nyingine ziko mahali pengine, na mkewe ana nakala ya kila kitu. Karo ilikuja, ikichelewa siku nne.

Kwa kumalizia

Ndugu yangu, ukiletewa karatasi za akaunti ya ng'ambo, kabla hujatia sahihi uliza: ngao ni ya nani na kikomo chake ni kiasi gani? Mimi ni mkazi wa wapi na kodi ninayodaiwa ni kiasi gani hasa? Taarifa zinakwenda kwa nani? Nikifa leo, pesa hizi ni za nani? Na kama unachouziwa si akaunti bali ni mpango wa akiba wa miaka 20 au 25, kama ile inayouzwa sana Ghuba, ongeza swali la tano: nikitaka kutoka mwaka wa tatu nitakatwa kiasi gani? Anayekuuzia akishindwa kukuandikia jibu, mrudishie karatasi zake.

Usiandike anwani yako kumsaidia mtu aonekane anaishi hapa, na usikubali jina lako libebe pesa za mwingine, hata awe ndugu. Mkatalie kwa heshima, umweleze sababu, kisha umsaidie kujaza fomu yake yeye.

Nawatakia mitihani mema. Wasalaam.