Somo la Afya: Mawimbi ya Mshtuko na Meza ya Mlaghai



Zamani huko Uingereza maumivu ya kisigino yalipewa jina la "kisigino cha polisi", kwa sababu yalihusishwa na askari waliozunguka mitaani kwa miguu mchana kutwa. Nasi tulio zamu twayafahamu maumivu hayo, na twajua kwamba hatuyaugui peke yetu. Mama avukaye na beseni la samaki kichwani, kijana asukumaye mkokoteni wa saruji, mwalimu asimamaye darasani tangu asubuhi: wengi wao huteremka kitandani alfajiri, wakakanyaga sakafu, wakahisi kana kwamba msumari umewachoma wayoni.

Tumeandika somo hili kwa ajili ya mama mmoja, mchuuzi wa samaki, aliyefika kituoni kwetu kushtaki. Mtu mmoja alitandika meza kando ya soko, akatangaza kuwa ana "mashine ya shoti" inayoponya visigino kwa siku moja. Mama alifungwa nyaya miguuni, akapitishiwa umeme, akalipa fedha alizoziweka kwa karo ya mwanawe. Maumivu hayakuondoka, na juu yake akapata malengelenge. Tulipofika sokoni, meza haikuwapo tena. La kusikitisha ni kwamba tiba iliyotajwa ipo kweli. Mlaghai aliazima jina lake tu.

Tiba yenyewe ni nini?

Radi inguruma­po, mabati ya nyumba hutetemeka ingawa hakuna mkono ulioyagusa. Kilichoyatikisa ni wimbi la mgandamizo lililosafiri hewani. Mawimbi ya mshtuko ni ya jamii hiyo hiyo. Mtaalamu hupaka jeli mahali panapouma, akaweka hapo kichwa cha mashine. Katika aina moja ya mashine, hewa iliyoshindiliwa hurusha kipande kidogo cha chuma ndani ya bomba, nacho hugonga kichwa hicho, na mshindo wake ukapenya mwilini. Mashine huwashwa kwa umeme, lakini umeme wenyewe hauingizwi mwilini mwa mgonjwa.

Mawimbi haya yalianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka 1980 mjini Munich, Ujerumani, kwa kuvunja mawe ya figo. Mwaka 1991 madaktari wa Bulgaria walieleza jinsi walivyoyatumia kwa mifupa iliyokawia kuunga. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya aina hii kwa maumivu sugu ya kisigino.

Humfaa nani?

Kano ni kamba ngumu zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, na ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Zikichoka kwa kazi ya kila siku, hupona polepole mno. Mapigo ya mawimbi huchochea mwili uanze upya kujikarabati, na hupunguza maumivu. Tiba hii hutumika kwa utando mgumu wa wayo, kwa kano kubwa iliyo nyuma ya kisigino, na kwa kano ya bega iliyoota chokaa. Kwa kiwiko, matokeo yake hutofautiana. Hutumika pia kwa baadhi ya mifupa iliyokaa miezi mingi bila kuunga.

Hata hivyo, si tiba ya kukimbilia kwanza. Wagonjwa wengi wa kisigino hupona bila mashine, kwa kupunguza mzigo, kuvaa viatu vyenye soli nzuri, na kunyoosha misuli ya ndama na wayo kila siku kwa miezi kadhaa. Na aliyevunjika leo apelekwe hospitali leo, mfupa upigwe picha na kunyooshwa.

Kwa kawaida mgonjwa huhudhuria mara 3 hadi 5, kwa nafasi ya wiki moja, na kila mara hupokea mapigo yapatayo 2,000 kwa muda wa dakika chache. Huuma kiasi, na ngozi yaweza kuwa nyekundu au kuvilia damu. Nafuu huja pole pole, pengine hadi wiki 12. Kwa hiyo akuahidiye kupona kwa siku moja amekwisha kujifichua.

Wasiotibiwa hivi bila daktari kuamua

Mjamzito asitibiwe kwa njia hii. Kadhalika mwenye uvimbe wa saratani au maambukizi mahali panapotibiwa, mwenye maradhi ya kutokwa damu, na mtoto ambaye mifupa yake ingali inakua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aliyewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, amweleze mtaalamu kabla ya kuguswa na mashine.

Tufanye nini?

Kabla ya kutoa fedha, uliza mambo manne: Nani amepima ugonjwa wangu? Leseni yako iko wapi? Nitahudhuria mara ngapi, na kwa gharama gani? Nitapewa stakabadhi? Mtaalamu wa kweli hachukizwi na maswali hayo.

Ukitapeliwa, njoo kituoni mapema. Taja sura ya mtu huyo, mahali alipoketi, na namba ya simu iliyopokea fedha. Usinyamaze kwa kudhani kuwa amekwisha kuvuka mpaka, kwani polisi wa pande mbili huwasiliana. Wala usinyamaze kwa haya. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na aibu ya ulaghai ni ya aliyelaghai. Mama yule muuza samaki alivumilia siku tisa kabla ya kutujia. Angekuja siku ya kwanza, huenda tungaliikuta meza.