Taka na Panya: Mwongozo kwa Watumishi wa Usafi

Mwongozo huu unawahusu wazoa taka, wasimamizi wa dampo na mabwana afya. Msingi wake ni utaratibu wa halmashauri za Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi ilipokuwa bado inakula kwa mgawo. Sheria ya mwaka 1949 ilizitwika halmashauri wajibu wa kuhakikisha maeneo yao hayana panya, na ikamtaka mkaaji atoe taarifa akiona wamezidi. Utaratibu huo unafundisha kwamba kuzoa taka na kuangamiza panya ni kazi moja.

1. Kwenye pipa

Pipa liwe la bati, lisilotoboka, na kifuniko chake kikae sawasawa. Wazoa taka wa Uingereza walibeba mapipa begani kutoka uani hadi kwenye lori, hivyo waliziona nyua ambazo mkaguzi huzipitia mara chache. Nawe ukiwa uani tazama mashimo mapya chini ya kuta, kinyesi, na michirizi myeusi ya mafuta ambayo manyoya ya panya huiacha ukutani. Mjulishe bwana afya siku hiyohiyo.

2. Kwenye dampo

Tangu miaka ya 1930 Wizara ya Afya ya Uingereza ilishauri kila tabaka la taka lisizidi futi 6, na lifunikwe ndani ya saa 24 kwa udongo usiopungua inchi 9. Usiache taka wazi usiku. Huo ndio wakati panya anapokula.

Kagua pia aina ya taka. Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ilipopunguza moto wa makaa ya mawe majumbani, majivu yalipungua na makaratasi yakaongezeka. Taka zikawa nyepesi lakini zikajaza mapipa na malori upesi zaidi.

3. Kutega chambo

Panya huogopa kitu kigeni. Akionja sumu kidogo akaugua bila kufa, hakigusi tena chakula kile. Kwa sababu hiyo watafiti wa Oxford, chini ya Charles Elton, walihimiza wakati wa vita panya wazoeshwe kwanza:

a) Weka chambo kisicho na sumu kwenye njia zao kwa siku kadhaa.

b) Andika kila sehemu kimeliwa kiasi gani.

c) Chambo kikishazoeleka, weka cha sumu palepale, mbali na watoto na mifugo.

d) Kusanya masalia na mizoga, uvichome au uvifukie.

Vaa glavu, funika vidonda, nawa kwa sabuni kabla ya kula. Mkojo wa panya huambukiza ugonjwa wa Weil, uliowapata wafanyakazi wa mifereji ya majitaka.

4. Sumu ikishindwa

Warfarini, inayozuia damu kuganda, ilienea miaka ya 1950. Kufikia 1958 panya sugu walikuwa wameonekana Scotland, kisha Wales. Chambo kikiliwa wiki baada ya wiki na panya wasipungue, usiongeze sumu kwa kukisia. Toa taarifa, kisha rudi ukague mapipa na dampo.

Usiandike kwamba kazi imekwisha hadi chambo kisicho na sumu kikae siku kadhaa bila kuguswa.